Kiwanja cha Baba Dodoma: Tulivyouza Urithi Wenye Mkataba wa Miaka 33

Baba alipofariki mwaka 2019 alituachia nyumba moja mjini Dodoma: vyumba vya familia upande wa nyuma, ua wenye mwembe, na fremu nne, yaani vyumba vya biashara, zinazotazama barabara. Karatasi za kiwanja zilikuwa ndani ya bahasha ya kaki, chini kabisa ya sanduku la bati la mama, pamoja na vyeti vyetu vya kuzaliwa na risiti za saruji. Nilizoea kusikia watu wa nyumbani wakisema "hati ya baba". Nilipoifungua nikakuta ni mkataba wa upangaji uliotolewa na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA. Muda: miaka 33 kuanzia tarehe 1 Julai 1991. Matumizi: makazi na biashara. Chini yake yakafuata masharti: kulipa kodi kila mwaka, kutunza bikoni, yaani alama za mipaka, kutobadilisha matumizi bila kibali, kutohamisha milki bila kibali.

Mistari hiyo michache ndiyo iliyotuamulia kila kitu kilichofuata: bei tuliyopata, aina ya mnunuzi, muda tuliohangaika, hata maneno tuliyorushiana ndugu kwa ndugu. Naandika kwa ajili ya familia zenye urithi wa namna hii, hasa za Dodoma, ambazo bado zinadhani kazi ya kwanza ni kutafuta mnunuzi.

Nchini kwetu ardhi yote ni mali ya umma, Rais akiwa mdhamini. Mtu anachomiliki ni haki ya kuitumia, kwa muda fulani na kwa matumizi fulani. Anayenunua kiwanja ananunua miaka iliyobaki kwenye karatasi na shughuli ambazo karatasi inaziruhusu. Jengo linakuja juu ya hayo. Mahali pengi hati ya Kamishna wa Ardhi inaweza kufika miaka 99. Dodoma mambo yalikuwa tofauti kwa muda mrefu. CDA ilianzishwa baada ya TANU, chama tawala cha wakati huo, kuamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie Dodoma, ikakabidhiwa ardhi ya mji, nayo ikawapangishia wananchi viwanja kwa mikataba ya miaka 33. Mei 15, 2017 Rais Magufuli aliivunja CDA, kazi zake zikahamia Manispaa, ambayo Aprili 2018 ikawa Jiji, na wenye mikataba wakatangaziwa kwamba watapewa hati za miaka 99.

Baba wakati huo alikuwa tayari mgonjwa. Alikuwa mtumishi wa reli, mtu wa kutunza karatasi, na naamini angekuwa na afya angelishughulikia mapema. Alipoondoka, ule mkataba ulikuwa na umri usiofika miaka mitano mbele yake, uko kwa jina la marehemu, na umetolewa na chombo kisichokuwepo tena.

Mama alikaa eda miezi minne na siku kumi. Tulikubaliana watoto wote kwamba katika muda huo hakuna karatasi itakayopelekwa mbele yake kusainiwa. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu mnunuzi wa kwanza alikuja ndani ya eda. Aliletwa na dalali anayeujua mtaa wetu vizuri. Hela ilikuwa mkononi, alisema, na alitaka kujenga kituo cha mafuta. Mama na baba mdogo wasaini hati ya mauziano mbele ya mjumbe, mengine "atayamalizia mwenyewe". Dalali akaongeza kwamba tutenge asilimia 10 ya serikali ya mtaa. Kiwanja kilichopimwa na kusajiliwa hakiuzwi kwa mjumbe, na hiyo asilimia 10 haimo katika sheria yoyote ya ardhi. Wala mama na baba mdogo hawakuwa na mamlaka ya kuuza. Mali ya marehemu inauzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na kabla ya uteuzi huo sahihi ya mjane haimpi mnunuzi chochote, ila inampa mjane kesi. Nilimwambia dalali, "Kaka, mama yuko eda. Ukirudi, uje na mnunuzi aliyesoma masharti ya kiwanja."

Kikao cha familia tulikifanya baada ya eda. Sisi ni watu wa Kondoa, Waislamu, na baba aliishi na kuzikwa kwa dini yake, kwa hiyo hapakuwa na ubishi kwamba mirathi itafuata sheria ya Kiislamu na itafunguliwa Mahakama ya Mwanzo. Sheikh aliyetusaidia kupiga mafungu hakuanza na hesabu. Alianza kwa swali: "Katika nyumba hii, cha marehemu ni kipi na cha mama yenu ni kipi?"

Swali lile lilibadilisha kikao. Wengi wetu tulikuwa tumeshaingia na hesabu kichwani: mama thumuni moja, kinachobaki watoto, mwanamume mafungu mawili ya mwanamke. Tuko wanaume wawili na wanawake watatu, kwa hiyo hesabu inakaa vizuri mno: mama 1/8, kila binti 1/8, kila mwanamume 2/8. Lakini kinachogawiwa ni mali ya marehemu tu. Mama alikuwa akiuza vitumbua na chai stesheni tangu nikiwa darasa la pili. Fremu mbili za kulia zilijengwa na fedha za vitumbua, na kila mtu aliyekuwa kwenye kile kikao alikuwa anajua. Zile risiti za saruji kwenye sanduku la bati, kadhaa zilikuwa na jina lake. Mahakama ya Rufani ilishatamka mwaka 1983, katika shauri la talaka, kwamba hata kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Sisi hatukuhitaji kufika huko. Tuliandika kwenye muhtasari kwamba thamani ya fremu mbili ni ya mama kwa haki yake mwenyewe, itatolewa kwanza, na kinachobaki ndicho kitakachoitwa mirathi. Kisha thumuni yake inafuata juu ya hapo.

Nayashikilia haya kuliko yote niliyojifunza. Mjane wa Kiislamu akipewa thumuni peke yake katika nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, familia imemdhulumu, na haina haki ya kuisingizia dini.

Mama mwenyewe alisema sentensi moja tu kikao kizima: "Mkishagawana, mnambie mimi nitalala wapi." Tukaiandika hiyo nayo, kama azimio: hakuna atakayechukua fungu lake kabla mama hajawa na nyumba.

Kwa nini tuuze, basi? Wapo waliouliza, na lilikuwa swali la haki. Mdogo wetu mmoja wa kiume anaishi Toronto na alishachukua uraia wa Kanada. Tanzania mtu mzima akichukua uraia wa nchi nyingine anapoteza wa kwetu, na wakati huo Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kifungu cha 20, ilikuwa hairuhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Maana yake fungu lake la 2/8 halikuweza kukaa kwenye hati kwa jina lake. Zilikuwepo njia tatu. Aache fungu lake. Sisi tuliobaki tumlipe. Au tuuze tugawane fedha.

Baba mdogo alisimama kwenye njia ya kwanza. "Huyo si Mtanzania tena," alisema. "Hana chake hapa." Ni mzee wetu, amelelewa na baba, na kumpinga mbele ya watu lilikuwa jambo zito kwangu. Nilimwambia, "Baba mdogo, sheria imekataa jina lake lisiandikwe kwenye hati. Haikusema si mtoto wa kaka yako." Sheikh akaongeza kwamba katika mirathi ya Kiislamu pasipoti haihesabiwi. Huyu mdogo wetu ndiye aliyekuwa akituma fedha za matibabu ya baba mpaka siku ya mwisho. Kumlipa hatukuwa na uwezo, kila mmoja ana ada za watoto na mkopo wa kazini. Tukabaki na njia ya tatu.

Ukiwa na ndugu nje, mshirikishe mapema na kwa maandishi. Mdogo wetu alisaini ridhaa yake mbele ya mthibitishaji huko huko Toronto, akaeleza kwamba anakubali mimi niwe msimamizi, anakubali mauzo, na fungu lake alipwe fedha. Nakala halisi ikaja kwa kifurushi. Karatasi hiyo moja ilituokoa baadaye, kwa sababu kila aliyetaka kujua kama "wa nje" amekubali, aliisoma.

Mahakamani tulipeleka cheti cha kifo cha RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, muhtasari wa kikao wenye sahihi zote, barua ya serikali ya mtaa, ridhaa ya Toronto. Tangazo likabandikwa, muda wa pingamizi ukapita, nikateuliwa na kupewa Fomu Namba 4, barua ya usimamizi. Wengi huishia hapo wakidhani wamemaliza. Kanuni zinamtaka msimamizi ndani ya miezi minne apeleke Fomu Namba 5, orodha kamili ya mali na madeni ya marehemu, kisha baadaye Fomu Namba 6 yenye hesabu ya mgao. Muda ukipungua unaomba kuongezewa, unasema sababu, hakimu anaelewa. Msimamizi anayekaa kimya miaka mitatu ndiye anayewafanya ndugu waanze kunong'ona.

Baada ya hapo nilikwenda kwa Msajili wa Hati kusajiliwa kwenye kiwanja kama msimamizi. Hatua hii ilinifundisha jambo la maana sana. Mnunuzi mwenye busara hufanya upekuzi kabla ya kutoa hata shilingi ya arabuni, na kwenye upekuzi hutafuta jina la anayeuza. Msimamizi mwenye Fomu Namba 4 mkononi lakini jina lake halipo kwenye daftari la ardhi, kwa mnunuzi huyo bado ni mgeni.

Tukaingia kwenye kubadilisha mkataba wa CDA kuwa hati. Ndugu zangu wawili walitaka tuuze hivyo hivyo, mnunuzi ahangaike. Nawaelewa, fedha ilikuwa inahitajika. Lakini tulikuwa tumeshapata mfano wa bei. Mnunuzi wa pili, mtu mwungwana kabisa, alitueleza waziwazi kwa nini anataja bei ya chini: mkataba umebakiza miaka mitatu, benki haitamkopesha juu yake, na gharama ya kuupata upya pamoja na hatari ya masharti kubadilika anaibeba yeye. Alichotaja hakikufika nusu ya kile tulichokuja kuuzia. Sikumlaumu. Aliisoma karatasi yetu vizuri kuliko tulivyoisoma sisi.

Ili kupewa hati mpya inabidi kiwanja kiwe safi: kodi ya pango la ardhi iwe imelipwa yote na mipaka iwe inaonekana. Kodi tulidaiwa tangu baba alipoanza kuugua, na kwa kuwa matumizi yalikuwa makazi na biashara, kiwango chake kilikuwa juu kuliko cha kiwanja cha makazi pekee. Tuliilipa kwa kodi za fremu, tukahifadhi kila risiti.

Mipaka ndiyo iliyotupa kazi. Mpima alikuja na kijana wake, wakapata bikoni tatu bila shida. Ya nne, pembe ya barabarani upande wa kulia, haikuonekana. Alipima mara mbili, akaja akasimama juu ya kibaraza cha fremu ya mwisho, akagonga sakafu kwa kisigino, akasema, "Iko hapa chini." Tukamwita fundi na tindo. Alivunja saruji taratibu, vipande vya ukubwa wa kiganja, mpaka kikatokea kichwa cha zege chenye nondo katikati na namba zilizokwaruzwa wakati zege lilipokuwa bichi. Baba alikuwa amejenga ukuta wake ndani ya mstari kabisa. Kibaraza kiliongezwa na mpangaji miaka ya nyuma, na nusu yake ilikuwa nje ya kiwanja, ndani ya hifadhi ya barabara. Tulikivunja chote wiki hiyo hiyo. Atakayenunua fremu ya barabarani atakuja na mpima wake, na kile ambacho wewe umekificha, yeye atakitumia kukushusha bei mara tatu ya gharama ya kukiondoa. Acha hilo la bei: kumuuzia mtu kibaraza ambacho kesho kitapigwa alama ya X nyekundu ni kumdhulumu.

Hati mpya ilipotoka ilikuwa ya miaka 99, kwa jina langu kama msimamizi wa mirathi ya baba, matumizi makazi na biashara.

Niseme kidogo juu ya maneno hayo matatu, kwa sababu madalali huyatangaza kama ruhusa ya kufanya lolote. Makazi na biashara ni nyumba ya kuishi pamoja na biashara zinazovumiliana na watu wanaolala hapo: duka, saluni, ofisi, duka la dawa. Kituo cha mafuta, gereji, kiwanda, ghala, hayo ni matumizi mengine. Mnunuzi wetu wa kwanza, wa kituo cha mafuta, angelazimika kuomba mabadiliko ya matumizi chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007: tangazo libandikwe, majirani wapewe nafasi ya kupinga, mamlaka iamue, kisha hati irekebishwe. Ikikataliwa, anarudi kudai fedha zake kwa aliyemuuzia. Ndiyo maana kwenye tangazo letu la kuuza tuliandika matumizi kama yalivyo kwenye hati, neno kwa neno, na tukaongeza sentensi kwamba anayetaka matumizi mengine ajue kuna kibali cha kuomba. Waliopiga simu walipungua. Waliobaki walikuwa wa kweli.

Upande wa biashara una watu ndani yake. Fremu zetu zilikuwa na saluni, fundi cherehani, wakala wa fedha za simu, na duka la dawa la mama mmoja tuliyemzoea tangu tukiwa wadogo. Wote walikuwa wakipanga kwa maneno ya mdomo, wanalipa miezi sita sita. Kwanza tulikwenda kuwaambia sisi wenyewe kwamba nyumba itauzwa, kabla hawajasikia kwa dalali. Mama wa duka la dawa aliishiwa nguvu, akakaa kwenye kiti cha wagonjwa. Kibali cha duka la dawa kinafungwa na jengo lenyewe: akihama, jengo jipya linakaguliwa upya, rafu, jokofu, dari, umbali, yote. Kwake notisi ya miezi mitatu ingekuwa ni kufunga kazi.

Tukaandikiana mikataba ya mwaka mmoja na wapangaji wote, yenye kodi ile ile na kifungu kwamba mnunuzi atairithi mikataba hiyo mpaka iishe. Nilidhani tunafanya hisani tu. Ikatokea kwamba ilikuwa faida kwetu vilevile. Mthamini wa benki alipokuja aliuliza fremu zinaingiza nini na ushahidi uko wapi. Fremu yenye mkataba, risiti na mpangaji wa miaka mingi ina thamani inayohesabika. Fremu ya maneno ya mdomo anaiandika kama chumba. Aliuliza pia juu ya umeme, kwa sababu kila fremu ilikuwa na mita yake na tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla. Ni vizuri kumwonyesha mnunuzi mita zote na ipi inakatwa, asije akaanza maisha mapya na malalamiko.

Waliokuja kununua walikuwa mume na mke, watumishi wa Serikali waliohamia Dodoma wizara zao zilipohama Dar es Salaam. Walitaka kuishi nyuma na kupangisha mbele, yaani kile kile hati inachosema. Sehemu ya fedha walikuwa nayo, sehemu benki. Benki ile ile isingeutazama mkataba wa miaka mitatu. Kwa hati ya miaka 99, ilikubali.

Mkataba wa mauziano uliandikwa na wakili wetu na kusomwa na wakili wao. Vifungu viwili nilivipigania. Cha kwanza, malipo yote yapite benki kwenda akaunti ya mirathi, hata arabuni, hata kama mtu ana haraka. Cha pili, mama abaki nyumbani miezi mitatu baada ya malipo ya mwisho, bila kodi, mpaka nyumba yake iwe tayari. Mnunuzi mke alisema, "Hata akihitaji minne, dada, sisi tuna pa kukaa." Tuliandika mitatu, nikamshukuru kwa moyo wangu wote.

Kodi za mauzo ni lazima zipangwe kabla ya kukubaliana bei, la sivyo warithi wanahesabu fedha ambazo si zao. Kwa mkaazi, kodi ya ongezeko la mtaji ni asilimia 10 ya faida, yaani bei ukitoa gharama za kupata na kuendeleza mali. Asiye na kumbukumbu za gharama hutozwa asilimia 3 ya thamani, ya mauzo au ile iliyoidhinishwa, yoyote iliyo kubwa. Zile risiti za sanduku la bati nilizipanga zote mezani. Zilizosomeka zilikuwa chache, wino wa nyingine umefutika, na hazikuweza kuthibitisha hata nusu ya nyumba. Kwa hiyo tukakadiriwa kwa njia ya asilimia 3, kwa thamani iliyopitishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali. Ushuru wa stempu wa asilimia 1 ulibebwa na wanunuzi kama tulivyokubaliana. Risiti za mama hatukuzitupa. Kwenye hesabu ya serikali hazikutosha, lakini kwenye kikao cha familia ndizo zilizothibitisha fremu zake.

Fedha zilipoingia, mama alinunuliwa nyumba Kondoa mjini, karibu na dada yake. Alitaka vitu viwili: kisima au bomba ndani ya ua, na hati iwe na jina lake peke yake. Wapo waliopendekeza tuandike jina lake pamoja na la mtoto mmoja wa kiume "kurahisisha baadaye". Mama alikataa, nami nilikuwa upande wake. Ameishi miaka yote kwenye kiwanja ambacho jina lake halikuwemo.

Kisha thamani ya fremu zake ikahesabiwa, ikatolewa gharama ya nyumba, na kilichobaki akawekewa kwenye akaunti yake. Ndipo mafungu ya thumuni yakagawiwa. Fungu la Toronto lilichelewa kidogo, benki ilitaka uteuzi wa mahakama, mkataba wa mauziano na uthibitisho wa kodi kabla ya kuruhusu fedha kutoka nje. Karatasi zote zilikuwepo kwenye faili moja, kwa hiyo ilikuwa kazi ya kusubiri tu.

Fomu Namba 6 niliipeleka mahakamani mwishoni mwa 2023 ikiwa na sahihi za warithi wote, hati za benki za kila malipo, na nakala ya hati ya mama. Hakimu aliisoma mstari kwa mstari, akauliza kama yupo mwenye pingamizi. Baba mdogo alikuja siku hiyo bila kuitwa, amevaa kanzu. Alisimama, akasema hana pingamizi, na kwamba mtoto wa Toronto amepata haki yake. Akasaini kama shahidi, hakimu akaifunga mirathi ya baba.